Mwili Mzito, Pumzi na Moyo: Yanayomkuta Mgonjwa Akiwa kwenye Mashine ya Kupumulia



Juma hili twalizungumzia jambo ambalo familia nyingi hulikabili ghafla, aghalabu usiku, katika ukumbi wa hospitali, pasipo nafasi ya kuuliza maswali. Mgonjwa amezidiwa na pumzi. Daktari hutoka na kuwaambia jamaa kwamba hapana budi awekwe kwenye mashine ya kupumulia, kisha huongeza kwamba uzito wa mgonjwa utaifanya kazi kuwa ngumu. Hapo jamaa hutazamana. Wako wanaoyachukua maneno hayo kuwa ni tusi, wako wanaoyasikia kama hukumu ya kifo, na wako wanaorudi nyumbani wakisema kwamba mashine ndiyo iliyomuua mgonjwa wao. Ni vyema tukajua daktari alikuwa akisema nini hasa. Mwenye kulielewa jambo huweza kuuliza, huweza kusaidia, na huweza kuchukua hadhari kabla ya siku yenyewe kufika.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba makala haya hayakuandikwa kumkejeli yeyote. Hapa kwetu pwani unene haukuwa aibu. Bibi arusi hulishwa anawiri, mzazi aliye katika arubaini hulishwa apate nguvu, na mtu akikonda huulizwa ana nini. Hata hivyo hali imebadilika. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliofanywa nchini Kenya mwaka 2014 ulionyesha kwamba theluthi moja ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene uliokithiri. Jambo linaloigusa theluthi ya wanawake wa nchi linatugusa sote, na halifai kuzungumzwa kwa kunong'onezana.

Kipimo cha unene

Madaktari hutumia hesabu nyepesi ambayo kila mtu aweza kuifanya nyumbani. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha matokeo uyagawanye tena kwa urefu huohuo. Mama mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.6 hupata 31. Kuanzia 25 uzito huhesabiwa kuwa umezidi, kuanzia 30 huitwa unene uliokithiri, na kuanzia 40 hatari huwa kubwa zaidi. Hesabu hii haisemi mafuta yako wapi, na pahala yalipo ni jambo lenye uzito wake. Kwa upande wa pumzi, mafuta ya tumboni na kifuani hudhuru zaidi kuliko yale ya nyongani na mapajani.

Pumzi inavyoingia na kutoka

Chini ya mapafu kuna msuli mpana, uliowambwa kati ya kifua na tumbo kama ngozi ya ngoma, nao huitwa kiwambo. Kiwambo kikikaza hushuka, kifua hupanuka, na hewa huvutwa ndani yenyewe. Kikilegea hupanda, na hewa hutoka. Lakini hewa haitoki yote. Baada ya kila pumzi hubaki akiba ndani ya mapafu, na akiba hiyo ina kazi mbili: huvizuia vifuko vidogo vya hewa visijifunge, na huendelea kuilisha damu oksijeni mpaka pumzi nyingine iingie.

Kwa mtu mnene sana, mafuta ya tumbo hukisukuma kiwambo juu, na mafuta ya kifua huzilemea mbavu. Akiba ile hupungua. Akilala chali hupungua zaidi, kwa kuwa tumbo lote hulalia kiwambo. Vifuko vya hewa vilivyo upande wa chini na nyuma ya mapafu hujifunga. Damu hupita penye vifuko hivyo na kurudi kwenye moyo bila ya kupata oksijeni ya kutosha. Wakati huohuo mwili mkubwa una mahitaji makubwa, kwani kuinua kifua kizito peke yake ni kazi inayotumia nguvu kila pumzi, usiku na mchana.

Hali hii yafanana na nyumba yenye watu wengi na tangi dogo la maji. Maadamu mfereji unatoa maji, hakuna anayejua tofauti. Siku mfereji ukikatika, nyumba hiyo ndiyo ya kwanza kukaukiwa.

Katika chumba cha upasuaji tofauti hii huonekana kwa saa. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa wastani, akishapewa oksijeni ya kutosha kisha pumzi yake ikasimamishwa kwa dawa ya usingizi, huweza kukaa takriban dakika nane kabla ya oksijeni ya damu kushuka hadi pahala pa hatari. Mtu mwenye unene mkubwa sana huweza kufika hapo kabla ya dakika tatu kwisha. Katika muda huo mfupi daktari anatakiwa awe amekwisha kuuingiza mpira wa kupumulia katika koo ambalo lenyewe limebanwa na mafuta ya shingo. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya daktari kusema kazi ni ngumu.

Kukoroma si jambo la kuchekwa

Mara nyingi ugonjwa huanza miaka mingi kabla ya mashine, na huanzia kitandani. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Penye mafuta mengi shingoni, njia ya hewa hujifunga kabisa kwa sekunde kadhaa. Mgonjwa hukoroma kwa nguvu, hunyamaza ghafla kana kwamba amekata roho, kisha hushtuka kwa kukoroma tena. Haya huweza kujirudia mara nyingi katika saa moja. Asubuhi huamka amechoka, kichwa kinamuuma, na mchana husinzia hata akiwa katikati ya mazungumzo. Nyumbani huambiwa ni mvivu, au wakafurahi kwamba "bibi amelala fofofo". Ukweli ni kwamba bibi hajalala usingizi wa kumpumzisha.

Kwa baadhi ya watu wanene hali huenda mbali zaidi. Ubongo huzoea hewa chafu, yaani kaboni dayoksaidi, na huacha kuamrisha kifua kiitoe inavyopasa. Hewa hiyo hubaki juu hata mchana, mtu akiwa macho. Madaktari huutambua ugonjwa huu pale kipimo cha mwili kinapofika 30 au zaidi, pumzi ya usingizini ikawa na kasoro, na kaboni dayoksaidi katika damu ikapita 45 kwa kipimo cha milimita za zebaki, bila ya kuwapo sababu nyingine. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani waliupa jina la Pickwick, kwa kuwa katika kitabu cha mwandishi wa Kiingereza Charles Dickens kinachobeba jina hilo mna kijana mnene anayesinzia kila wakati. Wasomaji wa kitabu walimcheka kijana yule kwa zaidi ya miaka mia moja, kabla ya waganga kutambua kwamba dalili zake ni za ugonjwa.

Moyo nao hubeba mzigo

Mwili ukikua, damu nayo huongezeka, na moyo hulazimika kuisukuma damu nyingi zaidi kila dakika. Miaka ikipita, kuta za upande wa kushoto wa moyo huwa nene na ngumu, na moyo hushindwa kulegea vizuri ili ujae damu. Upande wa kulia, ambao kazi yake ni kuisukuma damu kwenda kwenye mapafu, una tatizo lake. Oksijeni inapopungua, mishipa ya mapafu hujibana. Usiku mmoja hauleti madhara makubwa, lakini maelfu ya usiku wa kukatika pumzi huifanya mishipa hiyo kuwa na shinikizo la kudumu. Upande wa kulia wa moyo, ulioumbwa kwa kazi nyepesi, huanza kuchoka. Miguu huvimba, tumbo hujaa, na mtu hukosa pumzi hata kwa kuinama. Wako wanaohisi dalili hii kwanza katika rukuu na sujudi, wakadhani ni utu uzima tu.

Mashine inavyofanya kazi, na kwa nini moyo huihisi

Mashine za zamani za kupumulia ziliuiga mwili. Ile iliyobuniwa Boston na Philip Drinker na wenzake mwaka 1928 ilikuwa sanduku la chuma lililomfunika mgonjwa mpaka shingoni na kukivuta kifua chake kwa nje. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliingia Copenhagen kwa nguvu, na masanduku hayo hayakutosha. Daktari Bjørn Ibsen alishauri hewa isukumwe moja kwa moja ndani ya mapafu kupitia tundu la kooni. Wa kwanza kutibiwa hivyo alikuwa msichana wa miaka 12, naye alipona hatari ile. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kuminya mifuko ya hewa kwa mikono, mchana na usiku. Mashine nyingi za leo zinafuata njia ile ya Copenhagen: zinaisukuma hewa ndani, haziivuti.

Tofauti hii ndiyo kiini cha mazungumzo yetu. Mtu anapovuta pumzi mwenyewe, kifua hupanuka na pia huivuta damu irudi moyoni kutoka tumboni na miguuni. Mashine inapoisukuma hewa kwa nguvu, shinikizo ndani ya kifua hupanda, na damu inayorudi moyoni hupungua. Kisha mapafu yakijazwa kupita kiasi, mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake hubanwa, na upande wa kulia wa moyo hupata ukuta mbele yake. Moyo wenye afya hustahimili. Moyo uliokwisha kuchoka huweza kuyumba, na shinikizo la damu likaporomoka katika dakika za mwanzo kabisa. Hapo ndipo jamaa husema, "Alikuwa anazungumza mpaka walipomtia mashine."

Lakini upo upande wa pili ambao haufai kusahauliwa. Mapafu yaliyojifunga nayo huibana mishipa ya damu, na upungufu wa oksijeni huibana zaidi. Mashine ikiyafungua mapafu kwa kiasi kinachofaa, mishipa hulegea na moyo hupata nafuu. Ina maana kwamba shinikizo dogo mno hudhuru, na shinikizo kubwa mno hudhuru. Kwa mtu mnene, nafasi kati ya madhara hayo mawili ni nyembamba, na pahala pake hutofautiana kwa kila mgonjwa. Kwa hiyo wauguzi huyatazama masaa, huchukua damu ya kupima mara kwa mara, na huzirekebisha namba za mashine usiku kucha.

Yanayofanywa na madaktari

Jambo la kwanza ni kipimo cha pumzi. Mtu akinenepa, mapafu yake hayanenepi pamoja naye. Ukubwa wa mapafu hufuata urefu na jinsia. Mwanamke wa sentimita 160 ana mapafu ya mtu wa kilo 52 hivi, hata kama mizani inasoma 110. Kiasi kinachoshauriwa kwa mapafu yaliyojeruhiwa ni mililita sita kwa kila kilo ya uzito huo wa kukadiriwa kwa urefu, yaani kama mililita 310, zaidi kidogo ya chupa ndogo ya soda. Akipimiwa kwa uzito wa mizani, angesukumiwa mililita 660 kila pumzi, na mapafu yangeweza kujeruhiwa zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000, wenye wagonjwa 861 wa mapafu yaliyojeruhiwa vibaya, ulionyesha kwamba waliopewa pumzi kubwa walikufa karibu 40 katika kila 100, na waliopewa pumzi ndogo walikufa 31. Kwa hivyo mkimwona muuguzi akimpima mgonjwa wenu kwa futi kuanzia kisigino hadi utosini, msishangae. Kipimo hicho huokoa maisha.

Jambo la pili ni shinikizo linaloachwa ndani ya mapafu mwishoni mwa kila pumzi, ili vifuko visijifunge. Mgonjwa mnene aghalabu huhitaji zaidi kuliko wengine, kwa sababu kuna uzito wa kifua na tumbo unaosukuma kutoka nje.

Jambo la tatu ni mkao. Kumwinua mgonjwa kichwa na kifua hukiondolea kiwambo mzigo wa tumbo. Wakati mwingine, mapafu yakiwa mabaya sana, mgonjwa hulazwa kifudifudi kwa saa nyingi. Kumgeuza mtu mzito huhitaji mikono mingi na uangalifu, lakini wanene nao hunufaika.

Jambo la nne ni siku ya kuiondoa mashine. Mgonjwa mnene mara nyingi hutolewa mpira wa koo kisha akavalishwa barakoa inayoendelea kumsukumia hewa kwa upole, asije akachoka na kurudi alikotoka.

Na je, unene ni hukumu? La. Tafiti kadhaa za vyumba vya wagonjwa mahututi zimeona kwamba wagonjwa wanene wenye mapafu yaliyojeruhiwa hawafi zaidi ya wengine, ingawa huweza kukaa kwenye mashine kwa muda mrefu zaidi. Familia inayoambiwa "kazi ni ngumu" haijaambiwa "msiwe na matumaini".

Ifanye nini familia?

Kwanza, msifiche. Kabla ya upasuaji wowote, hata wa kujifungua, mwambieni daktari wa dawa za usingizi kwamba mgonjwa hukoroma, hukatika pumzi usiku, au hawezi kulala chali. Mume au binti anayelala chumba kimoja naye ndiye shahidi wa kweli. Mgonjwa mwenyewe hajui. Kwa habari hii daktari huweza kuchagua ganzi ya mgongo badala ya usingizi kamili, au kujitayarisha mapema kwa koo lenye taabu.

Pili, mgonjwa mnene anayehema msimlaze chali, iwe nyumbani au ndani ya gari la kumpeleka hospitali. Mketisheni, au mwegemezeni kwa mito mpaka kifua kiinuke.

Tatu, msimpe dawa za usingizi wala dawa kali za maumivu bila ya ushauri wa daktari. Dawa hizo huzidi kuilegeza koo na kuutuliza ubongo ambao tayari umesahau kuamrisha pumzi.

Nne, mtungi wa oksijeni nyumbani usifunguliwe kwa kukisia. Kwa mwenye kaboni dayoksaidi nyingi, oksijeni kupita kiasi huweza kuizidisha hewa chafu hiyo mpaka akapotewa na fahamu. Daktari ndiye wa kupanga kiasi, nanyi msikizidishe.

Tano, atakayeandikiwa barakoa ya kusukuma hewa usiku, saidianeni aizoee. Kifaa hiki kilitokana na kazi ya Colin Sullivan na wenzake huko Australia, waliyoichapisha mwaka 1981, na kimewarudishia watu wengi usingizi. Ni kweli kina kelele na huacha alama usoni. Lakini mke anayekiona kuwa ni aibu mbele ya mumewe ataacha kukivaa, ilhali mke anayetiwa moyo na mumewe atakivaa. Mara nyingi tiba hii husimama au huanguka kwa neno la aliye karibu.

Sita, uzito ukipunguzwa hata kwa sehemu moja katika kumi, kukatika pumzi usiku hupungua. Kwa wale ambao hewa chafu imekwisha kujikusanya mchana, huhitajika kupungua robo ya uzito au zaidi, na hilo si la kujaribu peke yako. Lahitaji daktari, mtaalamu wa lishe, na jamaa wanaokula chakula kimoja nawe. Haiwezekani mama mmoja ale mboga huku sinia la biriani, viazi karai na mahamri vikipita mbele yake kila siku. Nyumba nzima ikipunguza mafuta, sukari na soda, kila mmoja wa nyumba hiyo hufaidika.

Maswali ya kumuuliza daktari

Siku ikifika mkawa katika ukumbi ule wa hospitali, ulizeni kwa adabu na bila ya woga: Je, pumzi ya mashine imepimwa kwa urefu wake? Moyo wake umepigwa picha, na upande wa kulia unafanya kazi vipi? Ameinuliwa kichwa? Mpango wa kumtoa kwenye mashine ni upi, na barakoa itakuwapo? Hakuna daktari mwema atakayechukizwa na maswali hayo. Yatamwonyesha kwamba mgonjwa huyu ana watu wake, na nyinyi mtaketi pale mkijua mnachokingojea.

Kwa akina mama na mabinti waliosoma mpaka hapa na kujiona ndani ya maneno haya: anzeni na jambo dogo. Usiku wa leo mwambie mwenzako akusikilize unavyolala. Akikwambia kwamba pumzi yako hukatika, hiyo ni sababu ya kutosha ya kwenda kumwona daktari juma hili, ungali una nguvu za kutembea hadi mlangoni pake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowauguza.